Njia Isiyopigiwa Hodi

Nyumba Na. 7, Mtaa wa Kinu,
Aldersby.
14 Novemba

Mpendwa ndugu yangu Selwyn,

Salamu zangu zikufikie kabla ya mvua ya huku, maana mvua ikitangulia utapokea karatasi iliyolowa. U hali gani wewe, wifi yangu Corinne na watoto? Matufaha yamechanua vizuri mwaka huu? Huko Tasmania mnaingia kiangazi, sisi tunatafuta soksi. Mimi ni mzima, isipokuwa goti na hasira. Goti lilianza Septemba. Hasira zilianza Machi, na ndizo zilizonikalisha hapa mezani kukuandikia barua badala ya kukupigia simu kama kawaida. Sababu ya kuikwepa simu utaiona mwishoni.

Mama hajambo. Anakula, anatembea, anasikia yale anayotaka kuyasikia. Ila hasemi nami, na hii ni wiki ya saba. Akiwa na shida anazungumza na paka. Anamwambia, "Mwambie Lorna chumvi imekwisha," nami nakwenda dukani kununua chumvi kwa amri ya paka. Mwanamke wa miaka themanini na saba! Nimechoka, Selwyn. Kwa hiyo soma yote, usiruke mistari kama ulivyozoea.

Unaikumbuka Njia ya Majivu. Utaisahauje, na jino lako la mbele limebaki pale? Basi mwezi wa pili Nyumba ya Garth iliuzwa. Yule mpwa wa Bi Lavinia aliyeirithi alichoka na paa linalovuja, akamuuzia Bwana Ansell kutoka London, mtu mwembamba, mpole, mwenye mbwa wawili wapole kama yeye. Mwezi wa tatu Bwana Ansell akatia kufuli kwenye lango la nyuma ya bustani, lile la Njia ya Majivu tunalopitia kwenda makaburini. Wala hakulitia kwa ukali. Alituma kadi katika kila nyumba ya mtaa: "Majirani wapendwa, naomba radhi kwa usumbufu wowote," na kila kadi ikaja na chupa ya jamu ya plamu. Ndugu yangu, tulinyang'anywa njia kwa jamu! Na mtaa ulifanya nini? Mtaa ulimwandikia kadi za shukrani. Nyumba kumi na tisa ziliandika kumshukuru mtu aliyetufungia lango. Ya ishirini ni yetu, na ya kwetu Mama aliituma nikiwa kazini.

Sasa fikiria. Mama huenda kwenye kaburi la Baba kila siku ya Mungu baada ya chai ya saa nne. Kwa Njia ya Majivu ni dakika kumi na mbili na mkongojo wake. Bila njia hiyo inabidi azunguke kwa barabara ya machimbo, maili moja na nusu, hakuna pa kuwekea mguu, na malori ya mawe yanapita yakimsukuma mtu kwa upepo tu. Nikasema nitampeleka kwa gari. Akaniambia, "Gari la kunipeleka makaburini nitapanda mara moja tu, na siku hiyo sitaona foleni." Nikadhani ni maneno. Mwezi wa nne dereva wa lori akamleta mlangoni, amekaa juu kule mbele kama malkia, maua yake mapajani, soksi zimejaa tope hadi magotini. Alimkuta kwenye kona ya daraja, amejibanza ukutani. Dereva alikuwa anatetemeka kuliko yeye. Nilipomuuliza mbona lori kakubali kupanda, akasema lori ni kazi, gari ni anasa. Kesho yake akavaa koti tena. Nikajua kwamba njia ile isipofunguliwa, mwaka huu hauishi kabla hatujamlaza Mama kando ya Baba.

Nikaenda halmashauri. Afisa mmoja msichana, mwenye akili, akanieleza sheria kwa lugha ninayoielewa. Watu wakipita mahali miaka ishirini mfululizo, wazi wazi, bila kuvunja kitu na bila kuomba ruhusa, njia ni yao daima. Lakini wakiomba ruhusa, hata mara moja tu, basi wamepita kama wageni, na mgeni hana haki. Kwa kifupi, Selwyn, anayepiga hodi amekosa, asiyepiga hodi ndiye mwenyeji. Nikamtazama yule msichana nikamwambia, binti, unajua unazungumza na watu gani? Hawa watu wa Aldersby ukiwakanyaga mguu wanakuomba radhi wao.

Kulikuwa na tatizo jingine. Baba alipostaafu mwaka wa themanini na tisa, Bi Lavinia alitundika kile kibao cha "Karibuni mpite kwa hisani ya mwenye nyumba." Kibao kile tulikipenda sote, tukakipiga picha. Kumbe ndicho kilichotumaliza, maana tangu siku ile tunapita kwa hisani. Kwa hiyo ilibidi tuthibitishe miaka ishirini ya nyuma yake, yaani miaka ambayo Baba alikuwa mtunza bustani pale. Waliopita miaka hiyo na bado wako hai na akili zao ni kumi na mmoja. Nikawagawia fomu.

Swali la tisa liliuliza: "Je, uliwahi kuomba ruhusa ya kupita?" Kazi yao ilikuwa kuandika neno moja, hapana. Mzee Norris, mwenyekiti wetu wa chama cha historia, aliandika kurasa sita kuhusu watawa waliobeba chumvi kwenye njia ile mwaka 1312. Mwingine aliandika, "Sikuomba, lakini nilijisikia vibaya." Bi Ivy Sugden wa nyumba ya kumi na mbili, yule aliyekuwa akitugawia keki za tangawizi, aliandika kwa mwandiko wake mzuri, "Ndiyo, kila mara." Nilikimbia kwake na fomu mkononi, goti likinilaumu.

Nikamuuliza, Bi Ivy, uliomba ruhusa kwa nani? Akasema, "Mwanangu, nilikuwa nasema samahani nikipita." Kwa nani lakini? Bi Lavinia alikuwepo? Hakuwepo. Baba yangu? Hakuwepo. "Sasa samahani ulimwambia nani, Bi Ivy?" Akaniangalia kama mtoto mjinga. "Lango, Lorna. Huwezi kupita kwa watu kimya kimya kama mwizi." Miaka ishirini mama huyu analiomba radhi lango! Niliketi kwenye ngazi yake nikacheka hadi machozi, kisha nikalia kidogo kwelikweli, kwa sababu nilijua anapita pale kwenda wapi. Afisa wa halmashauri alinituliza akasema lango si mwenye nyumba.

Kikao kilifanyika mwisho wa Septemba katika ukumbi wa kanisa la Wamethodisti. Alikuja mkaguzi kutoka serikalini, mwanamume mwenye uso usiosema kitu, na Bwana Ansell akaja na wakili wake. Bwana Ansell ndiye aliyemimina chai. Naapa kwa Mungu, mtu aliyeshtakiwa anapita na birika akiuliza nani anataka sukari, na watu wetu wanamwambia "asante sana, u mwema mno." Nilisikia kichwa kinataka kupasuka. Mzee Norris alipoitwa aliulizwa kuhusu mwaka 1975, akajibu kuhusu mwaka 1312. Mkaguzi akamrudisha. Akasogea mbele hadi mwaka 1540, akakataa kwenda zaidi.

Hata hivyo hadi mchana tulikuwa tunakwenda vizuri. Ndipo wakili akafungua mkoba akatoa daftari la Baba.

Lile la kazi, Selwyn, lenye jalada jeusi na doa la rangi ya kijani. Bwana Ansell alilikuta kwenye droo katika banda la vioo. Wakili akasoma taratibu. Tarehe ishirini na sita Desemba, siku ya pili ya Krismasi: "Lango limefungwa asubuhi hadi jioni. Mvua." Mwaka uliofuata, tarehe ileile: "Lango limefungwa asubuhi hadi jioni. Theluji." Akasoma hivyo miaka yote. Kwa sababu sheria inasema pia kwamba mwenye nyumba akiifunga njia siku moja tu kwa mwaka, amewaonyesha watu kwamba ni yake, na miaka yao inafutika. Bi Lavinia alishauriwa hivyo na mwanasheria wake zamani, akamkabidhi Baba kufuli na kazi hiyo. Siku moja ambayo watu wote wamelala na shibe, hakuna atakayegundua. Watu wakaweka vikombe chini. Mama alikuwa mstari wa mbele, na aliposikia maneno ya Baba yakisomwa alitabasamu. Hakuelewa yanatufanya nini. Alifurahi kumsikia tu.

Wakili akaniita. Akaniuliza kama huu ni mwandiko wa baba yangu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama baba yangu alikuwa mtu mkweli. Unajua jibu la mji huu. Baba aliyemrudishia mwenye duka msumari mmoja uliozidi kwenye pakiti! Watu wote wakanitazama, na wengi walishaanza kutikisa vichwa kukubali, kwa adabu zao. Nikasema kwamba baba yangu alikuwa mkweli katika mambo yote ila hilo.

Nikaeleza ilivyokuwa tarehe ile ya Desemba. Nilikuwa na miaka minane. Baba alinishika mkono tukaenda na lile kufuli kubwa, baridi inauma masikio. Kabla hatujafika langoni tukamwona Bi Ivy anakuja kwa mbali na shada la maua ya Krismasi. Mtoto wake mchanga alikuwa amezikwa vuli ile. Baba akatia kufuli mfukoni, akanivuta nyuma ya banda la vioo, akaniziba mdomo kwa kiganja. Akaninong'oneza, "Akituona ataomba ruhusa, na akiomba itabidi nimjibu." Tukachutama pale mpaka akapita. Baba akamsubiri hadi akarudi. Hakufunga. Kisha akaingia ndani, akatoa daftari, akaandika kwamba lango limefungwa, akaniambia hilo ni letu wawili.

Nilipomaliza, Bi Ivy akasimama. Ana miaka themanini na minne, alichukua muda. Alikuwa hajawahi kujua. Akageukia ule upande ambako Mama alikuwa amekaa, akamwita Baba kwa jina lake, akasema, "Asante, Wilfred." Na wakili, yule mshenzi, akaandika! Nikapiga kelele mbele ya mkaguzi wa serikali, "Kaa chini, Bi Ivy! Usimshukuru mtu!" Mkaguzi akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Akasema asante inayotolewa baada ya nusu karne, kwa mtu aliyekwisha kufa, haiwezi kuhesabiwa kuwa ni kuomba ruhusa. Hiyo ndiyo mara pekee sauti yake ilipokwaruza.

Mama alichukua mwavuli wake, akampita Bwana Ansell na birika lake, akatoka. Tangu siku ile ndipo paka alipopandishwa cheo.

Uamuzi ulikuja juzi. Tumeshinda. Mkaguzi ameandika kwamba kwa ushahidi wa binti wa mtunza bustani ameridhika kuwa lango halikufungwa, na Njia ya Majivu ni ya umma milele. Bwana Ansell aliliondoa kufuli kwa mkono wake, na akatuletea kadi ya pongezi. Ndiyo, na jamu. Mtaa umeshaanza kuandika shukrani.

Nilidhani Mama atanisamehe. Juzi usiku nilimsomea uamuzi wote. Akasikiliza, kisha kwa mara moja tu tangu kikao akazungumza nami mwenyewe, paka akiwa palepale. Akasema, "Baba yako alikuwa akirudi siku ile kila mwaka, mikono inanuka grisi ya kufuli. Nilimnawisha mimi. Kufuli lisilofungwa linatiwa grisi ya nini?" Nikamwambia labda alilitia grisi lisipate kutu. Akaniambia, "Njia ya mwongo ni fupi, Lorna." Nilitaka kumjibu kwamba hii ni fupi ndiyo, dakika kumi na mbili, na ndiyo itakayomwacha hai.

Jana asubuhi alivaa koti akatoka. Nilimtazama kutoka dirisha la juu. Alifika langoni, lango liko wazi kabisa, halina hata kitasa. Akasimama. Akaligonga kwa mkongojo mara mbili, akainamisha kichwa, akapita. Akapiga hodi! Miezi minane ya fomu, goti langu, jina la baba yangu, na mama yangu anapiga hodi. Nilipiga paji la uso kwenye kioo. Na baada ya hapo, Selwyn, sikuweza kufanya kazi yoyote siku nzima, kwa sababu ya jambo ambalo sijamwambia mtu.

Ile siku niliyoieleza ni ya kweli, kila neno. Lakini ni siku moja. Wakili aliniuliza kama baba yangu alifanya vile kila mwaka, nikasema kila mwaka. Akaniuliza kama niliona kwa macho yangu, nikasema kwa macho yangu, na nilikuwa nimekula kiapo. Mimi nilikwenda mara moja tu. Mwaka uliofuata wewe ulikuwa umetimiza miaka sita, na Baba akasema sasa atakwenda na mwanawe wa kiume, nami nikaachwa jikoni kumenya viazi. Ulikwenda naye miaka yote hadi ulipoondoka nyumbani. Hukuwahi kuniambia mlichokuwa mkifanya kule, na mimi kwa wivu sikuwahi kukuuliza. Sijui kama mlijificha nyuma ya banda au kama mlishika lile kufuli mkalifunga. Huenda Baba alidanganya miaka yote kwa ajili ya Bi Ivy. Huenda alidanganya mara moja, na mara nyingine zote aliandika ukweli, na mimi nimesimama mbele ya mji mzima, mbele ya mjane wake, nikamfanya mwongo wa miaka ishirini ili Mama asigongwe na lori. Wakili akauliza tena kama kuna mtu mwingine aliye hai aliyekuwa akifuatana naye. Nikasema hayupo. Nilisema bila kupepesa macho. Nimekuzika, ndugu yangu, katika ukumbi wa Wamethodisti, na baadaye nikala keki.

Ndiyo maana sikupiga simu. Kwenye simu ningekuuliza, na ningekusikia ukinyamaza.

Kama hakulifunga, niandikie upesi, uandike kwa herufi kubwa, nimsomee Mama barua yako kwa sauti mara mbili, na mara ya tatu nikamsomee Baba mwenyewe kaburini. Lakini kama alilifunga, Selwyn, kama ulimshikia kufuli kwa vidole vyako vidogo, basi usiniambie. Niandikie habari za matufaha. Jaza kurasa sita kama Mzee Norris, aina zote, wadudu wote, mvua yote, nami nitaelewa, na kila saa nne nitamfungia Mama kitambaa chake kichwani, nimfungulie mlango.

Nisalimie sana wifi na watoto. Bi Ivy anakusalimu na anauliza kama huko kuna keki ya tangawizi. Paka naye, kwa niaba ya Mama, anasema uvae fulana hata kama ni kiangazi.

Ni mimi dada yako, ambaye kwa kiapo hana ndugu aliye hai,

Lorna